Wengi Wape Ngapi?

Programu ya kura niliiandika mimi,
usiku, Milimani, Kisumu, stima zimepotea
na jenereta ya jirani inakohoa kama mzee wa tumbaku.
Niliijaribu mara arobaini. Haikukosea hata moja.
Nasema mapema, msije mkadhani natafuta kasoro ya mashine.

Wanachama mia saba. Viti saba vya halmashauri.
Kila mtu achague majina saba, abonyeze, aende zake.
Mia nne kumi na mmoja walikuja na orodha yao,
watu wa mji mkuu, wa mabenki, wa lifti zinazoongea.
Mia mbili themanini na tisa tulikuja na yetu, Nakuru hadi Busia:
Khavere, anayelinda faili za wagonjwa Vihiga
kwa seva iliyofungwa kamba ya manila;
Otenyo wa kiwanda cha sukari,
anayeamshwa saa tisa za usiku mizani ya miwa ikigoma;
Jeruto, anayefundisha wasioona kuisikiliza kompyuta.
Na wengine wanne.

Saba kwa sufuri.

Matokeo niliyasoma mwenyewe, kipaza sauti kikinipigia mluzi.
Nje ya dirisha gugumaji lilikuwa limefunika ghuba yote;
maji yalikuwepo, ila nani angeapa?
Mwenyekiti akatabasamu: "Wengi wape."
Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka.
Methali ikikupiga mbele za watu,
cheka, la sivyo utaitwa mshari.

Jumapili nikapanga vikombe saba mezani.
Maharagwe, mia nne kumi na moja: wao.
Njugu, mia mbili themanini na tisa: sisi.
Mwanangu Ogola akala wapigakura wawili.
Nikawarudisha wengine kutoka mfukoni, nikaanza upya.

Kwa kanuni yetu, haragwe moja huingia vikombe vyote saba,
linahesabiwa hapa, linakimbia, linahesabiwa pale,
na njugu huzunguka nyuma yake
ikifika kila mlango umeshafungwa.

Nikasema: leo kila punje ikae kikombe kimoja.
Kikifika themanini na nane, kiti kimepatikana;
zinazozidi hazimwagwi,
zinamiminwa kwa jina linalofuata moyoni mwa mpigakura.
Nikahesabu mpaka kidole kikanuka ganda.
Njugu zikapungua moja, sikujua imekwenda wapi.
Hata hivyo:
vikombe vinne vya maharagwe, vitatu vya njugu.

Tazameni. Maharagwe bado yanatawala.
Hakuna aliyepokonywa wingi wake.
Wengi wape, nimekubali, wape wingi wao,
methali haikusema wape na sufuria, na mwiko, na jiko,
kisha wachache waambiwe wajifunze kupenda moshi.

Nikaandika hoja, kurasa mbili, lugha ya adabu.
Nikajibiwa kwa adabu vilevile:
kubadili kanuni ya uchaguzi kunahitaji kura tano za halmashauri.
Halmashauri ni wale saba.
Nikamsomea Khavere kwenye simu. Akanyamaza,
kisha akauliza kama najua fundi wa betri,
maana wodi ya watoto imezimika tangu asubuhi
na hajui nani alipewa dawa gani.
Ndiyo kampeni yake hiyo. Hana nyingine.

Mistari thelathini na mmoja ya hesabu mpya nimeshaiandika.
Imo humo humo ndani ya programu,
kila mstari nimeutangulizia alama ya reli
ili mashine ipite bila kuusoma.
Sijaificha. Yeyote akifungua ataiona.

Jumatatu, chai ikiwa karibu kwisha,
kitu kikanigonga jino:
njugu, imelowa, imevimba, chini kabisa ya kikombe.
Ogola akanyoosha mkono.
Nikamwambia ngoja kwanza,
huyu bado hajahesabiwa.